Printa Iliyotaga kwa Jirani

Kwanza nilisikia sauti. Mlango wa ghala la dawa ulikuwa umefungwa, na Mzee Mwita, mtunza ghala, alikuwa nje pamoja nami tukinywa chai, ufunguo ukining'inia kidoleni mwake. Humo ndani, mlimokuwa hamna mtu, printa iliamka. Ilikohoa, ikavuta pumzi, kisha ikaanza kru-kru, kru-kru, kama mbuzi anayetafuna mahindi makavu.

"Wambura," Mzee Mwita aliniambia, akashusha kikombe, "kuna mtu humo?"

"Ufunguo unao wewe."

"Basi nani anachapa?"

"Mkweo. Yuko Itiryo."

Aliitazama barabara inayokwenda Itiryo, ikipotea nyuma ya vilima, kana kwamba angemwona. "Mtoto wa watu," akasema, "ana mkono mrefu kweli."

Vijana wangu, nimestaafu ufundi wa mashine za ofisi, na ninyi mlioniomba niwaandikie mnaianza kazi hiyo hiyo mkiwa na simu zenye akili kuliko ofisi nzima niliyoanzia mimi. Msitegemee nitawapangia mambo mwaka kwa mwaka. Kumbukumbu zangu zinatembea kama ng'ombe wanaorudi kutoka mtoni: huyu yuko mbele kwa sababu ana haraka, yule yuko nyuma kwa sababu ameona majani. Nitaanza na printa ile ya ghalani kwa sababu ndiyo ninayoisikia hadi leo nikikaa kimya.

Nilikuwa fundi wa chama cha ushirika cha wafugaji, makao yake Tarime mjini. Kazi yetu kubwa ilikuwa chanjo ya mifugo. Ng'ombe akishachanjwa, mwenye ng'ombe anapewa cheti, na bila cheti mnyama haruhusiwi kuingia mnadani. Zamani mfugaji wa Itiryo alilazimika kuja mjini kukifuata. Chama kikafungua dirisha kulekule Itiryo, chumba kidogo kando ya josho la kuogeshea mifugo, kikaweka sola, kompyuta ndogo na printa ndogo, na kumwajiri Rhobi, mke wa mwana wa Mzee Mwita. Msichana mwenye maneno machache na mkono mwepesi. Wafugaji walimpenda, maana hakuwahi kumwambia mtu "njoo kesho" huku akichezea simu.

Kumbukumbu zote za chanjo zilikaa kwenye kompyuta kubwa ya Tarime, ndani ya ghala la Mzee Mwita, kwa kuwa ndicho chumba pekee chenye nondo madirishani. Rhobi alikuwa anafungua kompyuta yake ndogo, na kwa njia ya mtandao anaingia ndani ya ile kubwa. Ninyi mnaita "kuremoti". Kioo kiko mbele yake Itiryo, lakini anayoyaona ndani ya kioo yako Tarime. Akiandika jina la mfugaji, limeandikwa Tarime. Na akibonyeza kuchapa, karatasi inatoka Tarime.

Hapo ndipo shida ilipokaa. Mfugaji amesimama dirishani na ng'ombe wake, cheti chake kinaangukia miguuni pa Mzee Mwita mjini. Mzee anakikunja, anamtafuta mwenye pikipiki, pikipiki inapanda vilima, na inapofika mnada umekwisha na ng'ombe wamerudishwa nyumbani. Wafugaji wakaanza kumtania Rhobi.

"Dada, vyeti vinakuja kwa mguu?"

"Vumilieni kidogo, viko njiani."

"Mimi nina kuku wa namna hiyo," mmoja alisema, na watu wote wa joshoni wakageuka kusikiliza. "Anakula kwangu, anataga kwa jirani. Unajua nilimfanya nini? Nilimchinja."

Walicheka. Rhobi naye alicheka, lakini alijua kuna watu mjini waliokwisha kunoa kisu.

Meneja wetu alikuwa mama kutoka Morogoro, mtu mnyoofu, asiyependa kuzungushwa. Aliniita ofisini akaniambia, "Mzee Wambura, dirisha la Itiryo nalipa mpaka mnada ujao. Siku hiyo vyeti vikitoka kulekule, libaki. Visipotoka, kompyuta inarudi mjini, na Rhobi naye tutaachana naye kwa amani."

"Nipe pikipiki niende nikaitazame, Meneja."

"Hapana. Kama kila cheti kinamhitaji fundi apande pikipiki, basi hilo dirisha lina faida gani? Mwelekeze kwa simu. Akiweza, ameweza."

Alikuwa na haki yake.

Ngoja niwaeleze ufundi wenyewe kabla sijaendelea, maana ndiyo kazi yenu. Mmewahi kuona wazee wa Kikurya wakinywa pombe ya mtama? Chungu kinawekwa katikati, na kila mzee amekuja na mrija wake mrefu. Chungu ni cha mwenye nyumba, mrija ni wako. Ukienda bila mrija utaazima, na ukiazima utakunywa pale anapotaka mwenye mrija. Kuingia kwenye kompyuta ya mbali ni hivyo hivyo. Chungu kiko Tarime. Printa yako ya hapa ulipo ndiyo mrija, na lazima uende nayo.

Unaendaje nayo? Kile kidirisha kinachokuuliza unataka kuingia kompyuta gani, usikimbilie kubonyeza kuingia. Kina mahali pa kukipanua, kipanue. Humo kuna sehemu ya vitu vya hapa ulipo, na kwenye sehemu hiyo kuna kisanduku kidogo cha printa. Kiwekee tiki. Washa printa yako kwanza, iache itulie, ndipo uingie. Ukiisha kuingia, kwenye orodha ya printa utaiona yako imefuatana nawe, na jina lake limeota mkia: maneno ya Kiingereza ya kusema imeelekezwa, na namba. Namba hiyo inabadilika badilika, msiikariri. Someni kichwa cha jina, mkia ni wa kufukuzia nzi.

Na kama mkia huuoni kabisa kwenye orodha, basi printa yako hukwenda nayo. Imebaki nyumbani. Printa zote unazoziona ni za mwenye chungu.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mjaluo mmoja kutoka Shirati, Bwana Otieno, enzi za mashine za stensili, wino mpaka kwenye kiwiko. Alinikataza kuigusa mashine kabla sijaisikiliza. "Weka mikono nyuma, Wambura. Ikishakwambia inaumwa wapi, ndipo utoe mikono." Siku moja nilitoa mikono mapema, rola yake ikanipaka wino usoni mbele ya wageni wa chama, nikaendelea kuwasalimia bila kujua. Bwana Otieno hakunifuta wala hakunicheka. Alisema tu, "Leo mashine imekusaini."

Nimetumia masikio tangu siku hiyo. Kuna hoteli moja ya watalii karibu na lango la Ikoma, kwetu nilikozaliwa, waliniita kwa sababu mpishi alikuwa anakosa karatasi ya chakula cha jioni. Kompyuta yao kubwa ilikuwa Arusha. Nilipofika niliuliza, "Mnapobonyeza, printa hii inatoa sauti yoyote?" Wakasema iko kimya kama kaburi. Nikawaambia wapige simu Arusha. Kumbe ofisi ya Arusha kila alasiri walikuwa wakipokea karatasi nzuri yenye samaki wa kukaanga, supu ya maboga na keki ya ndizi, na kwa muda mrefu walidhani ni maringo tu ya wenzao wa porini. "Tafadhali," dada wa Arusha akaniambia, "zima hiki kitu. Sisi huku tunakula maandazi."

Pale ilikuwa rahisi. Yule kijana wa mapokezi alinisomea orodha, hakuona mkia, tukaweka tiki, tukamaliza. Nilidhani na Rhobi itakuwa hivyo.

Simu ya kwanza nilimpigia kutoka ghalani, karibu na kompyuta kubwa. Meneja alikuwepo, Mzee Mwita alikuwa mezani kwake akihesabu chupa za dawa. Niliweka simu kwenye spika ili sote tusikie.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Hapa nipo na Meneja na Mzee Mwita. Umeingia kwenye mashine?"

Kisha akasema taratibu, "Shikamooni wote." Mzee Mwita aliitikia kwa kukohoa tu, macho kwenye chupa.

"Nimeingia, mzee."

"Fungua pale pa kuchapa. Unaona majina ya printa?"

"Nayaona."

"Nisomee."

"Bhoke."

Hiyo ilikuwa printa ya mhasibu wetu. Pale ofisini kila kitu kiliitwa kwa mwenye meza: kiti cha Bhoke, kikombe cha Bhoke, printa ya Bhoke. Aliyefunga zile mashine aliyaandika majina hayo hayo ndani ya kompyuta, maana majina ya kiwandani yanafanana yote na hayamwambii mtu kitu.

"Vizuri. La pili?"

Kimya.

"Rhobi, unanisikia?"

"Nakusikia, mzee."

"La pili linasemaje?"

Kimya tena. Nilisikia ng'ombe wakilia upande wake, na mtu akiuliza kama zamu yake imefika. Meneja alinitazama. Mzee Mwita aliacha kuhesabu.

"Mtandao unasumbua, mzee," Rhobi akasema, na simu ikakatika.

Meneja alitikisa kichwa, bila hasira. "Hajui kusoma Kiingereza," alisema. "Tulimwajiri kwa haraka."

Nami nilifikiri hivyo hivyo. Nilijiambia: la pili litakuwa lile refu lenye mkia, limemshinda ulimi, anaona haya. Basi mrija wake anao. Nikamtumia ujumbe: *Chagua hilo la pili, uchape.*

Hatukukaa sana. Printa ya ghalani, umbali wa hatua chache kutoka nilipoketi, ikakohoa, ikavuta pumzi. Kru-kru, kru-kru. Cheti cha ng'ombe wa Itiryo kikatoka mbele ya macho ya Meneja.

Mzee Mwita hakukiokota. Kwa kawaida angekiokota, angekikunja, angetafuta pikipiki. Safari hii alikitazama kikiwa pale kwenye kisahani chake, akaitazama ile karatasi ya gundi iliyobandikwa ubavuni mwa printa, imeandikwa kwa kalamu nene, MWITA. Akasimama, akatoka nje.

Nilidhani amechoka na sisi. Nilipotoka nilimkuta amejiegemeza kwenye fimbo yake.

"Wambura," akasema, "wewe una wakwe?"

"Ninao."

"Mke wa mwanao anakuitaje?"

"Baba."

"Jina lako analitaja?"

Vijana, nilihisi kama nimepakwa wino usoni kwa mara ya pili maishani. Mimi ni Mwikoma, yeye Mkurya, na kote kuwili mke wa mwana halitaji jina la baba mkwe, hata kama hayupo, hata kama ni jina la mtu mwingine kabisa. Nimekuta wanawake wanaosema "yule wa jina la baba" ili wasitaje Chacha. Hayo nilikuwa nayajua tangu utoto. Lakini jina la Mwita nilikuwa nimeliona juu ya mashine ile kwa muda mrefu mno, mpaka nikasahau kwamba ni la mtu.

"Si angesema tu 'ile ya baba'?" niliuliza.

"Mbele ya Meneja?" Mzee Mwita alinitazama kama mtu anayemtazama ndama mjinga. "Wafugaji wote wanalalamika vyeti havifiki. Yeye aseme vinakwama kwa baba? Huko ni kunishtaki, Wambura. Na mimi nimekaa palepale nasikiliza."

Kumbe binti alikuwa amesoma vizuri kabisa. Aliona Bhoke, akaona Mwita, na mkia hakuuona, kwa sababu haukuwepo. Angelitaja lile la pili, ningejua mara moja kwamba printa yake imebaki nyumbani. Alichagua kuonekana hajui kusoma, na kazi yake ikiwa juu ya mizani.

Nikamwendea Meneja kumweleza. Alisikiliza, akakunja uso. "Mzee Wambura, hii ni kazi. Jina la printa ni jina la printa."

"Kwako, Meneja."

"Na kwako?"

"Kwangu pia lilikuwa hivyo, mpaka leo. Lakini si kwake."

Kabla hajajibu, Mzee Mwita aliingia. Hakuomba kiti. Alikwenda moja kwa moja kwenye ile mashine, akaweka kucha chini ya ile karatasi ya gundi, akaibandua polepole ili isichanike, akaikunja, akaiweka mfukoni mwa shati.

"Jina langu si la mashine," alisema. "Mashine ipewe jina la ng'ombe."

Meneja alishindwa kujizuia, akacheka. "Ng'ombe gani, Mzee?"

"Madoa. Si unaona inavyochafua karatasi zako?"

Ni kweli, ilikuwa inatia alama nyeusi pembeni mwa kila karatasi, na mimi nilikuwa nimeahidi kuisafisha tangu zamani. Nikabadilisha jina ndani ya kompyuta: Madoa. Na ya mhasibu, kwa kuwa alikuwa mama mweupe mwenye wivu wa haki, tukaiita Nyeupe, asije akasema tumempendelea Mzee.

Siku ya mnada ikafika. Tuliketi ghalani watatu, kama ile mara ya kwanza. Nilimpigia Rhobi mapema. Nyuma yake joshoni palikuwa na kelele, watu na ng'ombe, kila mmoja akitaka atangulie.

"Binti, toka kwenye mashine, uingie upya. Halafu nisomee."

Tulisubiri. Kisha sauti yake ikaja, haina wasiwasi hata kidogo, inasoma kama msomaji wa kanisani: "Nyeupe." Akapumua. "Madoa." Akacheka kidogo, akajizuia. "Basi, mzee. Hakuna nyingine."

"Hakuna yenye mkia?"

"Hakuna."

"Toka tena."

Nikamwongoza. Panua kidirisha. Tafuta vitu vya hapa ulipo. Kisanduku cha printa, kina tiki?

"Hakina."

"Vyote havina?"

"Vyote, mzee. Aliyetufungia alisema mtandao wa huku mdogo, tusibebe mizigo, tuingie haraka."

Hilo nalo ni la kujifunza. Ni kweli kwamba ukipunguza mizigo unaingia upesi. Lakini ukiacha na mrija umekwenda kufanya nini?

"Weka tiki kwenye printa tu. Yako imewaka?"

"Inakula sola, mzee, huwa naiwasha mwisho."

"Leo iwashe mwanzo. Mengine yazime, hata taa."

Kulichukua muda kuingia. Mtandao wa Itiryo unapanda mlima kwa magoti. Meneja alikuwa ameshika kalamu bila kuandika. Mzee Mwita alitazama ile Madoa kama mchungaji anayemtazama dume asiyemwamini.

"Nyeupe," Rhobi akasoma. "Madoa." Kisha akaisoma ya tatu, jina lote la kiwandani, herufi na tarakimu zake, na mkia wote wa Kiingereza mpaka namba ya mwisho, bila kujikwaa hata mahali pamoja.

Meneja alishusha kalamu.

"Chapa," nikasema.

Mikono yangu niliiweka nyuma, kama alivyonifundisha Bwana Otieno, nikasikiliza. Ghalani palikuwa kimya. Madoa haikukohoa, haikuvuta pumzi. Kimya kile kilikaa, na ndani yake, kutoka kwenye simu, ikaja sauti nyembamba, ndogo, ya mashine ndogo inayotumia jua. Kri-kri-kri. Halafu sauti ya mwanaume, yule yule wa kuku, akipaza kwa wenzake: "Ametaga nyumbani! Leo ametaga nyumbani!"

Watu wa joshoni walipiga vigelegele, wakaanza kusukumana kwenye dirisha, na Rhobi akawa anawaambia wapange mstari. Meneja alivuta simu karibu na mdomo.

"Rhobi, dirisha linabaki. Na wewe unabaki. Umenisikia?"

"Nimesikia, Meneja. Asante sana."

"Tena nimekukosea, nilisema hujui kusoma." Meneja alikuwa na furaha, na furaha humsahaulisha mtu alichoambiwa. "Sasa niambie wewe mwenyewe, hii Madoa zamani iliitwa nani?"

Upande wa Itiryo pakawa kimya, zikasikika kelele za ng'ombe tu.

Mzee Mwita aliinuka upesi kuliko nilivyowahi kumwona akiinuka. Alichukua kofia, akachukua fimbo, akapita nyuma ya kiti cha Meneja bila kuaga, akatoka ili binti aweze kujibu "ya baba" bila yeye kusikia, na mlango wa ghala akaurudisha nyuma yake taratibu mpaka kitasa kikalia.